Dada ana MS: je, mdogo wake naye yumo hatarini?

Huku Tabora posa haijibiwi siku ileile. Wazee huomba muda, kisha hutumwa mtu kuulizia kimyakimya: ukoo ule ukoje? Kuna kifafa? Kuna ukichaa? Kuna ugonjwa unaojirudia kizazi hadi kizazi? Mtaani kwetu Isevya kuna posa iliyosimama hivyo. Binti mwenyewe ni mzima. Mgonjwa ni dada yake mkubwa, na ugonjwa wake una jina ambalo majirani wengi hawakuwahi kulisikia: maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Upande wa mwanaume wamesikia kwamba "uko kwenye jeni," wakaona bora wasubiri kwanza.

Mimi hufundisha baiolojia, na baba mdogo wa binti alinifuata na swali moja: "Mwalimu, hebu niambie kweli, huu ni ugonjwa wa ukoo?" Jibu lake si ndiyo wala si hapana. Na kwa kuwa ndoa ya mtu imening'inia hapo, jibu hilo linastahili kuelezwa lote.

Ubongo na uti wa mgongo hupelekeana taarifa na mwili kwa nyuzi za neva. Nyingi ya nyuzi hizo zimefunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, na utando huo ndio unaofanya taarifa zisafiri haraka. Kwa mgonjwa wa MS, seli za kinga, zile ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huingia ndani ya ubongo na kuushambulia utando huo. Panaposhambuliwa huvimba, kisha hubaki makovu. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliyaeleza makovu hayo mwaka 1868, lakini hadi leo kinachoichochea kinga kuugeukia mwili wake hakijajulikana chote.

Dalili hutegemea kovu limeangukia wapi. Kwa dada huyu lilianzia kwenye neva ya jicho. Jicho la kulia lilimuuma kila alipoligeuza, na wekundu wa kanga aliouona vizuri kwa jicho la kushoto, kwa lile la kulia ulikuwa umepauka kama wa nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Wiki chache baadaye jicho likapona lenyewe. Mwaka uliofuata ikaja ganzi ya miguu, na mshtuko ulioshuka mgongoni kila alipoinamisha shingo kuosha vyombo. Joto la Oktoba likipamba moto, miguu inakataa. Jioni pakipoa, anatembea tena. Kuja na kuondoka huko ndiko kulikowafanya watu waseme amerogwa. Kumbe kwa takriban asilimia 85 ya wagonjwa MS huanza hivyohivyo: inashambulia, inatulia, inarudi. Duniani wapo zaidi ya watu milioni 2.8 wanaoishi nayo. Wengi iliwaanza wakiwa na miaka kati ya 20 na 40, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Sasa tuje kwenye jeni. Neno hili watu wengi huku wamelizoea kupitia sikoseli, na nadhani mkanganyiko unaanzia hapo. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na chanzo chake ni jeni moja inayofahamika. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Mtoto akirithi nakala mbili zenye kasoro, ugonjwa anao tangu tumboni. Kwa sikoseli, mzee anayeulizia ukoo kabla ya ndoa anauliza swali la maana kabisa, na kipimo cha damu cha wachumba wawili kinamjibu.

MS haiendi kwa hesabu hiyo. Hakuna jeni moja ambayo ukiwa nayo unaugua na ukiikosa umesalimika. Ushahidi mzuri tunaupata kwa mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Kama MS ingekuwa ya jeni peke yake, pacha mmoja akiugua, mwenzake angeugua pia karibu kila mara. Lakini Kanada, ambako mapacha hawa wamefuatiliwa kwa miaka mingi, pacha wa pili aliugua mara moja tu katika kila nne, na tafiti nyingine za Ulaya zimepata chini ya hapo. Kwa mapacha wasiofanana ni karibu asilimia 5. Kwa ndugu wa kawaida wa tumbo moja ni asilimia 2 hadi 3, na kwa mtoto wa mzazi mwenye MS ni karibu asilimia 2. Kwa watoto wa ndugu wa mgonjwa hushuka tena, karibu asilimia 1.

Upo pia utafiti wa Kanada wa mwaka 1995 ambao naupenda kwa jinsi ulivyolitenga swali. Watafiti waliwachunguza watu waliolelewa na familia zenye MS bila kuzaliwa nazo, yaani watoto wa kuasili. Walikula meza moja, wakalala nyumba moja, lakini hatari yao ilikuwa sawa na ya mtu yeyote wa mtaani. Kwa hiyo ugonjwa kuonekana zaidi ndani ya ukoo si kwa sababu ya chakula cha nyumba ile, wala nyumba yenyewe, wala mtu kuambukizwa na mgonjwa. Damu inahusika. Ila inachangia tu.

Na neno "kuchangia" ndilo hasa. Fikiria michango ya harusi. Mjomba mmoja anatoa donge nono, halafu ndugu na marafiki zaidi ya mia mbili wanatoa elfu mbili, elfu tano, kila mtu kwa uwezo wake. Kwa MS, mjomba yule alifahamika mapema: tangu mwaka 1972 wanasayansi walijua kwamba kundi la jeni liitwalo HLA, lililopo kwenye kromosomu ya 6, linahusika. Baadaye likapatikana toleo lenyewe, HLA-DRB1*15:01. Mwenye nakala moja ya toleo hilo ana hatari kama mara tatu ya asiye nayo. Wale wachangiaji wadogo walisubiri hadi teknolojia ya kusoma vinasaba vya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Mwaka 2007 wakaonekana wa kwanza nje ya HLA, jeni za IL7R na IL2RA. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliolinganisha wagonjwa 47,429 na watu wazima wa afya 68,374, ukakuta sehemu 233 za vinasaba zinazohusiana na hatari ya MS. Nyingi ya hizo huongeza hatari kidogo mno, kiasi kwamba moja peke yake haina maana kwa mtu mmoja. Na wapo wanaopunguza: toleo la HLA-A*02 linaonekana kumkinga kiasi aliye nalo.

Jeni hizi hufanya nini? Sehemu kubwa yake zinahusu mfumo wa kinga. Molekyuli za HLA kazi yake ni kuchukua vipande vya protini, vya mwili au vya kijidudu, na kuvionyesha kwa seli nyeupe ziitwazo seli T ili ziamue: huyu ni wa kwetu au ni mvamizi? Toleo la 15:01 linaonekana kuvishika vipande fulani kwa namna inayorahisisha seli T kukosea. IL7R na IL2RA zinahusu ujumbe unaoziambia seli hizo zizaliane au zitulie. Kwa hiyo kinachorithiwa si ugonjwa. Kinachorithiwa ni kinga yenye tabia fulani, ambayo kwa watu wengi mno hufanya kazi yake vizuri maisha yote bila kumdhuru mwenyewe.

Basi nini kinaisukuma kinga hiyo ikosee? Mshukiwa mkubwa ni virusi vya Epstein-Barr. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia sampuli za damu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 kwa miaka 20. Kati yao 955 walipata MS. Walioambukizwa virusi hivyo hatari yao ilipanda mara 32; virusi vingine vilivyolinganishwa havikuonyesha kitu kama hicho. Mwaka huohuo timu nyingine ilionyesha kwamba kipande cha protini ya virusi hivi kinafanana na protini moja iliyomo ndani ya ubongo, na kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kirusi zinaweza kuishika ile ya ubongo pia.

Lakini virusi hivi karibu kila mtu mzima duniani anavyo, zaidi ya asilimia 95. Tofauti iko kwenye umri. Afrika watoto wengi huvipata wakiwa wadogo mno, bila dalili. Ulaya na Marekani wengi huvipata wakiwa vijana, na mwili wa kijana huvipokea kwa vurugu, homa na kuvimba tezi. Kuambukizwa kwa namna hiyo ya pili kunafuatana na hatari kubwa zaidi ya MS. Ongeza jua. MS huwa nyingi kadiri unavyoiacha ikweta, na Tabora tuko nyuzi 5 tu kusini yake. Jua huupa mwili vitamini D, na uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watu waliozaliwa na jeni zinazoshusha kiwango cha vitamini hiyo wana hatari kubwa zaidi ya MS.

Kisha tumbaku. Hapa ningeomba msomaji wa Urambo, Kaliua na Sikonge asome taratibu, kwa sababu tumbaku ndiyo iliyotusomesha wengi wetu na hatupendi kuisikia ikisemwa. Watafiti wa Sweden, katika matokeo ya mwaka 2011, walilinganisha makundi ya watu kwa jeni na kwa uvutaji. Mtu mwenye toleo la HLA-DRB1*15, asiye na lile la kinga la A*02, na anayevuta sigara, hatari yake ilikuwa karibu mara 14 ya mtu asiye na yote hayo. Jeni na moshi hazikujumlishana tu, zilizidishana. Watu haohao wa Sweden hutumia sana ugoro, na kwa watumiaji wa ugoro hatari ya MS haikupanda. Hilo linaashiria kwamba tatizo la MS haliko kwenye nikotini. Ni mapafu kuwashwa na moshi, mahali ambapo seli za kinga zinaweza kuchokozwa kabla hazijasafiri kwenda ubongoni. (Ugoro bado huharibu kinywa na moyo. Nisieleweke vibaya.)

Ukiyaweka yote hayo pamoja, jibu la baba mdogo linaanza kuonekana. Hata Ulaya, ambako MS ni ya kawaida kuliko huku, ndugu wa tumbo moja 97 au 98 kati ya 100 hawaugui maishani. Binti wa posa ile, aliyekulia chini ya jua la Tabora na asiyevuta sigara, yuko mahali pazuri kuliko hao. Kumvunjia mtu ndoa kwa hatari ya kiasi hicho ni dhuluma, na nimewaambia hivyo waziwazi. Hakuna sababu ya kumpeleka kupima jeni pia. Kipimo kitakachosema "unalo toleo la 15:01" hakitasema kama ataugua, maana walio nalo ni mamilioni na wengi mno wao hawana MS. Cha maana ni kuzijua dalili, asivute sigara, na siku akiona jambo geni kwenye macho au miguu linalodumu zaidi ya siku moja, asingoje lipite.

Kuna swali jingine ambalo aliniuliza mama mkubwa wao, kwa sauti ya mtu anayeudhika: "Mbona wanasema huu ni ugonjwa wa wazungu?" Asili ya kauli hiyo sasa inaeleweka vizuri kuliko zamani. Januari 2024 ilichapishwa kazi iliyosoma vinasaba vya mifupa ya watu wa kale zaidi ya 1,600. Matoleo mengi yanayoongeza hatari ya MS yalishamiri miaka kama 5,000 iliyopita kwa wafugaji walioitwa Yamnaya, waliochunga mifugo kwenye nyika za eneo ambalo leo ni Ukraine, kusini magharibi mwa Urusi na Kazakhstan. Walipohamia kaskazini mwa Ulaya wakaenda nayo. Inadhaniwa kinga kali iliwafaa, kwa sababu kuishi na mifugo kunaleta magonjwa ya mifugo kwa binadamu. Karne nyingi baadaye, katika mazingira safi yenye vijidudu vichache, kinga ileile ikawa mzigo.

Wafugaji wa Igunga na Nzega wanaweza kuuliza: na sisi tunaoishi na ng'ombe? Mageuzi hayafuati njia moja. Wafugaji wa Afrika Mashariki, wa Tanzania wakiwemo, wanaweza kumeng'enya maziwa ukubwani kwa badiliko la jeni lililo tofauti na la Wazungu. Hilo lilithibitishwa mwaka 2007. Hitaji lilikuwa moja, njia ya vinasaba ikawa nyingine. Hivyohivyo kwa HLA: watu wenye asili ya Afrika wana toleo lao, DRB1*15:03, na kwa Wamarekani weusi limeonekana kuhusishwa na MS. Uchunguzi wa kusini mwa California uliotoka mwaka 2013 ulikuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wazungu. Kauli ya "ugonjwa wa wazungu" kwa hiyo imepitwa na wakati, na ina madhara: daktari anayeiamini hataifikiria MS mbele ya mgonjwa mweusi. Dada wa Isevya alitibiwa kiharusi kwanza.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, yaani kuita MS kila kinachofanana nayo. Huku kwetu miguu inaweza kupooza kwa TB ya mgongo, kwa upungufu wa vitamini B12, kwa konzo inayotokana na mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, au kwa ugonjwa uitwao NMO unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo. NMO ilidhaniwa kuwa aina ya MS hadi mwaka 2004 ilipogunduliwa kingamwili yake maalumu, na uzito wake kwa watu wenye asili ya Afrika ni mkubwa. Baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, huizidishia NMO makali. Kwa hiyo familia inayosafiri hadi Mwanza au Dar es Salaam kutafuta MRI, yaani kipimo cha picha ya ubongo na uti wa mgongo, iulize pia kama kipimo cha kingamwili hiyo ya NMO, iitwayo kingamwili ya akwaporini-4, kinapatikana.

Mpaka hapa nimezungumzia jeni za kuugua. Je, mgonjwa akishaugua, jeni ndizo zinazoamua atatumia mkongojo mapema au la? Hapa pana jambo lililowashangaza hata watafiti. Zile sehemu 233 za hatari hazielezi ukali wa ugonjwa. Mtu mwenye wachangiaji wote wakubwa anaweza kutembea vizuri miaka 30, na mwenye wachache akalemaa mapema.

Mwaka 2023, baada ya kuchunguza wagonjwa zaidi ya 22,000, lilipatikana badiliko la kwanza lililohusishwa kwa uhakika na kasi ya ugonjwa. Liko kati ya jeni mbili, DYSF na ZNF638. Wagonjwa waliolirithi kwa baba na kwa mama walifikia hatua ya kuhitaji kifaa cha kutembelea mapema kwa takriban miaka 3.7 kuliko wasio nalo. Jeni hizi hazihusiki na uamuzi wa seli T: ya kwanza inahusika na kukarabati seli zilizoumia, ya pili na kudhibiti virusi. Na dalili za kivinasaba za ukali zilijikusanya zaidi kwenye tishu za ubongo na uti wa mgongo, si kwenye kinga. Kinga ndiyo inayoanzisha vita. Uimara wa ubongo ndio unaoamua utastahimili kwa muda gani. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba uvutaji sigara unaongeza ukali na kwamba miaka mingi zaidi ya elimu inakwenda pamoja na ugonjwa mpole. Dawa nyingi zilizopo huituliza kinga, na hufaa zaidi zikianza mapema. Za kuulinda ubongo wenyewe ndizo zinazotafutwa sasa.

Wagonjwa wa uchunguzi huo walikuwa wa asili ya Ulaya. Katika tafiti za vinasaba duniani kwa jumla, zaidi ya asilimia 80 ya washiriki ni wa asili hiyo, na Waafrika ni kama asilimia 1. Badiliko la DYSF linafanya nini ndani ya mwili wa Mnyamwezi, Msukuma au Muha haliwezi kujibiwa kwa damu ya watu wa Stockholm. Linahitaji damu yao, kwa ridhaa yao, pamoja na kumbukumbu za miaka mingi za nani alianza lini, anatembea umbali gani, anatumia dawa gani. Hospitali ya mkoa haihitaji kungoja maabara ya vinasaba ndipo ianze. Rejesta moja ya wagonjwa wa neva, fomu ya ridhaa iliyoandikwa Kiswahili kinachoeleweka, na friji ya kutunzia sampuli isiyozimwa vinatosha kuanza.